Kuishiwa nguvu baada ya kilomita 30

Wakuu, kwa nini mtu anamaliza nusu marathoni vizuri, lakini kwenye kilomita 42.195 miguu inagoma ghafla baada ya 30?

— Akiba ya wanga kwenye misuli na ini imeisha. Mwili unabaki kutegemea mafuta, na hayo huungua polepole. Kula wanga gramu 30 hadi 60 kila saa, kuanzia dakika ya 30 hivi, usingoje njaa. Jeli (wanga laini wa wakimbiaji, kwenye kipakiti) ishushie maji matupu. Ukiongeza kinywaji cha sukari, tumbo linavurugika.

— Mwendo pia, ndugu! Anayelenga kumaliza marathoni kwa saa 4 ashike dakika 5 na sekunde 41 kwa kilomita. Akianza kwa 5:20, wanga unaungua haraka mno.

— Jeli mpya ijaribuni mazoezini kwanza.