Wajuzi wa bia za krafti: hizi za Dogfish Head zinanywewaje?

KopoLaTatu

Wakuu heshima kwenu. Mi ni mtu wa bia za kawaida kabisa, nyumbani nilikua Kili na Safari basi, huku Marekani nikashikilia zile laini za kopo ambazo ukipiga sita bado unaweza kujaza fomu za serikali. Sasa jumamosi iliopita wife na wenzake wa kazini walikua wanaenda Rehoboth Beach pale Delaware, nikadandia gari, wao wakashuka baharini mi nikajipenyeza kwenye baa ya Dogfish Head maana kazini kila mtu anaisifia hiyo kampuni ya bia za krafti (zile za wapishi wadogo, sio za viwanda vikubwa) utafikiri wanalipwa.

Nikaagiza za kuonja, nikaletewa kibao kina vigilasi. Ya kwanza inaitwa SeaQuench, nikapiga funda nikajua wamekosea wamenipa juisi ya ndimu yenye chumvi, ila baada ya dakika mbili nikakuta kigilasi kimeisha na mate yananitoka. Ya pili 60 Minute IPA (IPA ni aina ya bia chungu yenye hopsi nyingi), harufu nzuri sana kama umemenya chungwa karibu na pua, alafu ukimeza ndo uchungu unaibuka kule nyuma ya ulimi na hautoki. Ya tatu 90 Minute, hii nzito, mwanzo tamu kama sukari iliounguzwa kwenye sufuria alafu uchungu unakuja na ndugu zake wote. Nikasema basi inatosha, lakini jamaa wa pembeni pale kaunta alikua na 120 Minute akanimiminia kidogo nijaribu. Wakuu. Ile kitu inanata kwenye midomo. Ni kama mtu kachukua asali akaitia Konyagi alafu akakamulia maganda ya machungwa. Nikamaliza, nikainuka kwenda msalani, nikagundua magoti sio yangu.

Sasa naomba kueleweshwa, huu uchungu ni makusudi au mi ndo sijui kunywa? Na la pili ndo la muhimu, shemeji yangu (kaka yake wife) anatua wiki ijayo kutoka Moshi, ni mtu wa Safari kufa kupona na ana mdomo huyo, nikimpa kitu kibaya ukoo mzima utajua kabla sijaosha glasi. Nina dola 40. Nichukue ipi?

Bwana_Likizo

Dola 40 ununue dawa ya mwarobaini yenye povu? Nitumie mimi hiyo hela mkuu, shemeji mpe maji ya kunywa na picha ya Ngorongoro.

SufuriaKubwa

Hahaha hapo kwenye magoti nimecheka kwa sauti. Mi niko Baltimore na bia napika mwenyewe gereji miaka kadhaa sasa ngoja nijaribu kukujibu vizuri.

Uchungu ni makusudi kabisa. Bia yoyote ina kimea cha shayiri ambacho ni utamu, na ina hopsi, yale maua ya kijani yanayoleta uchungu na harufu. Bia ulizozoea hopsi wanaweka kiduchu tu ili utamu usichoshe. Kawaida mpishi anaweka hopsi kwa awamu, za mwanzo wa kuchemsha zinatoa uchungu, za mwishoni zinatoa harufu. Sasa huyu Sam Calagione mwanzilishi wa Dogfish, alieianza mwaka 1995 hapo hapo ulipokaa, alikua anaangalia kipindi cha mapishi kwenye tv, mpishi anasema supu ukiitia pilipili manga kidogo kidogo muda wote inapoiva inakua na ladha ya ndani kuliko ukiitupia yote kwa mpigo. Akajiuliza kwanini nisifanye hivo na hopsi. Akachukua ule mchezo wa watoto wa mpira wa kimarekani, wa umeme, ubao unatetemeka vile vichezaji vinajisogeza vyenyewe, akaufunga juu ya sufuria na ndoo iliotobolewa ya hopsi, zikawa zinadondoka mdogo mdogo kwenye bia inayochemka dakika zote 90. Ndo hiyo 90 Minute yako, ilitoka 2001, kilevi 9%. Ile 60 ilifuata baadae, 6%, na ndio inayowalisha. Kwahiyo yale majina ni dakika za kuchemsha huku hopsi zinaingia bila kupumzika, sio muda wa kulewa kama watu wengi wanavyodhani.

120 ni habari nyingine, hiyo inacheza kati ya asilimia 15 na 20 kutegemea pishi. Chukulia 18, kichupa kile cha 355 ml kina kilevi karibu sawa na Kili tatu kubwa, piga hesabu mwenyewe. Sio bia ya kunywa ukiwa na kiu. Inagawanywa watu wanne kwenye vigilasi vya mvinyo, baada ya chakula, na asiwepo anaeendesha.

Kosa ulilofanya wewe ni moja tu, na hata sio kosa, haukunywa maji katikati. Ulimi ukishapigwa na 90 hausikii kitu kingine. Na nyingine ni ubaridi, hizi nzito ukizinywa zikiwa barafu unasikia uchungu na pombe tu, iache mezani dakika 15 au 20 uone ile sukari iliounguzwa inavyogeuka ikaanza kunukia zabibu kavu na mkate. IPA inywe ikiwa mpya, angalia tarehe chini ya kopo. Mi nimewahi kununua kwa bei ya kutupa kwenye duka moja la mtaani kwangu, kufungua harufu yote imekufa imebaki uchungu na kitu kama maboksi yalionyeshewa mvua, na tarehe ilikuwepo pale pale, ni uvivu wangu wa kusoma.

Kwa shemeji mi ningeanza na SeaQuench. 4.9% tu, ina ndimu, chumvi ya bahari na ndimu zile nyeusi zilizokaushwa. Ukiitoa na nyama choma hakuna Mtanzania atakaeikataa.

Kihamba_Online

Kwani shemeji ni mtu wa Moshi alafu mnajadili kama ataweza uchungu?? Wakuu mnatuchukuliaje.

Mbege inapikwa hivi, ndizi mbivu zinachemshwa zinaachwa zichachuke siku kadhaa, alafu unakuja uji wa ulezi uliooteshwa, yaani kimea, lakini kabla ya hapo kuna kitu kinaitwa msesewe, ni gome la mti, linasagwa linatiwa, na kazi yake ni ile ile SufuriaKubwa anayosema ya hopsi, kuleta uchungu ukate ule utamu wa ndizi. Msesewe ukizidi unakunja uso kama umelamba betri, ukipungua wazee wanaonja kata moja wanaisukuma pembeni wanasema hii ni uji wa watoto. Bibi yangu alikua anaonja mdomoni anatema anasema bado, anaongeza nusu kiganja, hana mizani wala nini. Kwahiyo huyo Calagione amegundua cha bibi yangu, tena bibi hakuhitaji ubao wa umeme.

Ila nampa heshima yake, maana huyo jamaa mwenyewe hafichi kwamba anachota kwa watu wa zamani. Ile Midas Touch yao ilitokana na mabaki waliyokuta kwenye vyombo vya kunywea ndani ya kaburi kule Gordion Uturuki, miaka 2700, mtaalamu wa University of Pennsylvania anaitwa Patrick McGovern akapima akakuta dalili za zabibu, asali na shayiri, wao wakaipika wakatia na zafarani. Na mwaka 2009 walijaribu chicha ya Peru, ile ya mahindi ya kutafuna, walikaa chini wakatafuna mahindi ya zambarau wakatema, kwasababu mate ndo yanageuza wanga ukawa sukari, alafu wakachemsha kwahiyo msikunje nyuso. Walitafuna mpaka taya zikawauma. Hapo ndo nilipomwona huyu mtu ana akili zake timamu lakini ni mgonjwa kidogo.

KopoLaTatu ukiikuta Midas Touch mchukulie shemeji hiyo, utakuja kunishukuru.

wa_Thika_Road

Mi nitapinga kidogo wasee msinichape. Naona hii mambo ya bia kali inasifiwa sana juu ya namba. 120 Minute nimeonja mara mbili nikiwa Philadelphia, mara ya kwanza nikadhani ni mimi, mara ya pili nikajua si mimi. Ni sukari na moto. Mtu akisema anasikia maembe na karameli ndani ya hiyo kitu namuuliza umesikia kabla ama baada ya kusoma lebo. Ikikaa kabatini miaka miwili mitatu inatulia kiasi, hapo nakubali, lakini sasa bia ya kungojea kama shahada ya chuo ni bia gani.

Kama ni kali basi heri World Wide Stout yao hao hao, stauti yaani bia nyeusi, hio nayo ni kati ya 15 na 20 lakini nyeusi tititi, imebeba kahawa na chokoleti na kitu kama zabibu zilizolowekwa, kule kilevi kimepata mahali pa kukaa. Ukali bila mwili ni makelele tu. Na bado naona 60 Minute ndio bia yao bora, hamtaki kusema juu ni rahisi na iko kila mahali. Bia ngumu kupika ni ile hauna pa kufichia kosa.

Alafu Kihamba nakuunga mkono kwa ile ya wazee. Kwetu muratina ni asali, maji na lile tunda la muratina lenyewe limekaushwa, ndio linabeba hamira. Hawa Dogfish waliwahi kutoa stauti imechanganywa na bia ya asali na mzizi wa gesho, ile Waethiopia hutumia kwa tej, pombe yao ya asali. Si mbaya, lakini nikajiuliza mbona mpaka Delaware ndio tukumbuke. Nairobi saa hii kuna 254 Brewing, kuna Bateleur, wanapika IPA poa sana, lakini bado sijaona mtu akiweka msesewe kwa IPA. Hio ningenunua na pesa ya fare.

SufuriaKubwa

@wa_Thika_Road kuhusu 60 Minute sikupingi. Kuhusu msesewe umenipa wazo baya sana. Kihamba gome linapatikana likiwa kavu? Forodha wataniuliza maswali gani?

Kihamba_Online

Watakuuliza ni nini, utawaambia ni gome la mti la kupikia pombe, alafu utakaa kwenye kile chumba masaa manne. Usijaribu. Subiri uje huku.

mkaazi_Muscat

Salamu jamaani. Mie sinywi na sitokunywa lakini nimepita nikasoma ndimu nyeusi nikasita. Hizo si loomi hizo? Huku Oman ndimu inachemshwa na maji ya chumvi kisha inaanikwa juani mpaka inageuka nyeusi na nyepesi kama kibiriti, tunatia kwenye mchuzi wa samaki na kwenye wali, na kuna chai yake mtu akiumwa na tumbo. Ladha yake si ukali wa ndimu mbichi, ina moshi moshi hivi na uchachu wa chini kwa chini. Basi ikiwa wameiweka hiyo kwenye pombe naelewa kwanini ndugu yetu mate yalimtoka. Tieni kwenye maji ya baridi na sukari kidogo na chumvi, mtapata hicho hicho na asubuhi kichwa hakiumi.

KopoLaTatu

Wakuu nimerudi na ripoti, samahani nimekawia, mgeni alikua mgeni kweli.

Nilichukua SeaQuench pakiti moja ya makopo sita, kopo mbili za 90 Minute, na Midas Touch nikaikuta kwa bahati duka la pili, dola 40 ilipita kidogo wife asijue. Nikachoma mbavu. Shemeji alivyoona kopo lina picha za baharini akasema hii soda ya nani. Akanywa. Akanyamaza. Akachukua ubavu, akanywa tena, akaniuliza zipo ngapi. Nyama ilivyoisha na SeaQuench zilikua zimeisha, mi nimepata moja.

90 Minute nikafanya kama mlivyosema, nikaitoa friji mapema nikaiacha mezani, na kweli ni bia nyingine kabisa ile, mi sasa naipenda wakuu, uchungu naona umekua kama pilipili, unautafuta. Shemeji alipiga funda mbili akasema hii wamezidisha msesewe. Sikumwambia kitu mimi! Nikamsomea hii mada yote mpaka akacheka akalalamika Kihamba kasahau kusema ulezi ukioteshwa siku moja zaidi unaharibu kila kitu.

Midas Touch ndo imeleta kesi. Ina rangi ya dhahabu, inanukia asali alafu zabibu kidogo, sio chungu, ni kavu kuliko nilivyotegemea. Mimi nikasema hii kama wanzuki, pombe ya asali ile ya Tabora, ikiwa imetulia, yeye akasema hapana wanzuki ina nyuki ndani hii haina nyuki, tukabishana mpaka saa sita usiku wife akazima taa ya varanda.

Sasa anaondoka alhamisi na ameshaniuliza kama SeaQuench inaruhusiwa kwenye begi la kupakia. Nimwambie nini?

SufuriaKubwa

Begi kubwa ruksa, weka kila kopo ndani ya soksi alafu mfuko wa plastiki, katikati ya nguo. Tena ziwe nguo zake, sio zawadi za watu.

Kihamba_Online

Aniletee mbili. Napajua kwao.