Mjadala: Je, Mtafiti Apewe Shahada Kabla Kijiji Hakijasomewa Matokeo?

Mkazi wa Chikongola:
Ndugu zangu, kila mwaka vijana wa vyuo vikuu huja Tandahimba, Newala, Nachingwea na Kilwa wakiwa na barua ya utambulisho iliyopitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, hadi ikatua mezani kwa mtendaji wa kijiji. Barua hushuka ngazi zote hizo, lakini matokeo hayashuki hata ngazi moja. Napendekeza kwamba mwanafunzi aliyekusanya data kijijini asipewe shahada yake, iwe ya kwanza, ya uzamili au ya uzamivu, mpaka arudi kuusomea mkutano wa kijiji kwa Kiswahili yale aliyoyapata, na mtendaji atie saini na muhuri. Kwa kuwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inajengwa Lindi, huku huku Kusini, ni vyema utaratibu huu uwekwe sasa, kabla mazoea hayajaota mizizi. Mnasemaje?

Msaidizi wa Mhadhiri:
Hoja inapendeza masikioni, lakini haitekelezeki. Tasnifu nyingi huandikwa kwa Kiingereza, ukiacha zile za wenzetu wa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, na mwanafunzi aliyejinyima ili afike Newala mara moja hana nauli ya kufika mara ya pili. Aidha, ukimpa mtendaji uwezo wa kuzuia shahada ya mtu kwa muhuri, utakuwa umemfungulia duka. Na lipo jambo ambalo watu wa kwetu hatupendi kulisikia: siku hizi kijijini hakuna anayefungua mdomo mbele ya dodoso bila soda na elfu mbili, kwa hiyo tusilie kwamba tumeporwa maarifa ambayo tumeshayauza.

Bi Mkubwa wa Mikindani:
Mwanangu Msaidizi wa Mhadhiri, ya nauli na ya muhuri nimeyaacha yapite, lakini hili la soda sitalimeza. Alikuja hapa kwetu binti mmoja wa chuo, akichunguza chakula cha watoto walio chini ya miaka mitano, akakaa barazani kwangu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Dagaa wangu walikuwa wameanikwa uani bila mtu wa kuwageuza, na kunguru walikula walichoweza. Nikampikia wali, nikampeleka nyumba kwa nyumba kwa sababu peke yake asingefunguliwa mlango. Soda ilikuwepo, ni kweli, lakini aliinywa yeye. Sasa wewe uniambie ni kitu gani nilichouza, nikamuuzia nani na kwa bei gani.

Korosho Ghafi:
Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi naona elfu mbili ni ghali mno kwa bidhaa yenyewe, na nitaeleza kwa nini. Shemeji yangu wa Tandahimba alikutwa shambani alfajiri, kitambaa usoni na mashine ya kupulizia mgongoni, akitaka kumaliza salfa, dawa ya mikorosho, kabla upepo haujaamka. Akatolewa dodoso ambalo kila sentensi yake ilitakiwa kujibiwa kwa moja ya majibu matano: nakubali kabisa, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani wa kuuza korosho kwa mnada kupitia maghala, umeinua ustawi wa kaya. Akajibu kuwa hana uhakika, akaendelea kutokuwa na uhakika mpaka ukurasa wa mwisho, ili aachiwe aende kwenye mikorosho yake. Naamini ipo tasnifu mahali fulani yenye sura nzima inayofafanua kwa nini wakulima wa Tandahimba hawana uhakika, na mwenye tasnifu hiyo amekwisha kuvaa joho.

Mnachingwea wa Zamani:
Mnagombania soda, na Kusini hii ndiyo iliyoonja gharama ya kutofanya utafiti kabisa. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wake mkubwa wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake, ilitegemea ripoti ya ujumbe uliozunguka nchi kwa wiki chache tu mwaka 1946. Walileta matrekta, wakang'oa miti, na hawakuwa wamekaa misimu ya kutosha kuijua mvua wala udongo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Tukabakiwa na bandari ya Mtwara na reli, na reli yenyewe ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo mimi nasema watafiti waje kwa wingi, walipe au wasilipe, mradi wachunguze udongo, mvua na mazao. Hawa wanaokuja kuhesabu ngeli za Kimakonde na Kimwera wangeweza kusubiri nchi ishibe kwanza.

Mwanafunzi wa Isimu:
Mzee wangu wa Nachingwea, nakuheshimu, lakini nchi ya kushiba kwanza ndipo ijijue haijapata kuonekana. Wewe mwenyewe umetuambia kwamba wataalamu wa karanga walishindwa kwa sababu hawakukaa na watu wakasikiliza. Kusikiliza kunahitaji lugha. Homa ya chikungunya ilipoenea katika Uwanda wa Makonde mwaka 1952, madaktari waliochunguza mlipuko ule walikuta mbu aina ya Aedes aegypti wakizaliana majumbani, katika maji yaliyohifadhiwa. Mgeni angeweza kuamuru vyombo vimwagwe, akajiona amefanya sayansi. Mwenye kuzungumza na wenyeji angejua kwamba uwandani maji ni ya kusakwa mbali mabondeni, na kwamba mama aliyepanda nayo kilima kizima hawezi kuyamwaga kwa amri ya mtu asiyemwelewa. Tafadhali usituweke sisi wa lugha kwenye foleni ya nyuma ya matrekta.

Mnachingwea wa Zamani:
Sijasema lugha haina maana. Nimesema isubiri. Msomi wa lugha angepaswa kuiona tofauti hiyo.

Msaidizi wa Mhadhiri:
Bi Mkubwa, sikukutaja wewe, nilizungumzia hali ya jumla. Hata hivyo, kanuni za maadili ya utafiti zinatenganisha mambo mawili ambayo humu yanachanganywa: kumfidia mtu muda wake ni halali, ila kumpa kitu kikubwa kiasi kwamba anashindwa kukataa, au anajibu la kukufurahisha, ni kumnunua. Wanafunzi wetu wanabanwa katikati, kwa kuwa wasipotoa kitu wanaitwa wachoyo, na wakitoa data yao inatiliwa shaka. Na kama kweli hoja ni deni, kwa nini tumkamate kijana mwenye begi la mgongoni? Tuanze na Berlin, iliyobeba mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, kutoka Tendaguru kule Lindi mwaka 1914 wakati vita inaanza, ikajenga makumbusho kwa mifupa yetu bila kutuuliza.

Mtu wa Mchinga:
Umegusa kwetu, ndugu yangu, kwa hiyo uguse vizuri. Uchimbaji wa Wajerumani Tendaguru ulianza mwaka 1909 ukamalizika 1913, kabla ya vita, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Makumbusho nayo yalikuwepo Berlin kabla ya hapo. Kilichojengwa kwa mifupa yetu ni ule mjusi mkubwa aliyesimamishwa humo mwaka 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Mamia ya wenyeji ndio waliochimba, na wapagazi ndio waliobeba mizigo mabegani kwa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, wakati huo majeraha ya Maji Maji yakiwa bado mabichi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Wote hao walilipwa ujira. Kwa mantiki yako ya soda na elfu mbili, basi Berlin haidaiwi kitu, kwa kuwa babu zetu walishauza. Chagua moja: ama malipo yanafuta deni kote, Mikindani na Berlin, ama hayafuti popote.

Msaidizi wa Mhadhiri:
Hoja yangu haikuegemea mwaka. Vilevile kibarua cha kubeba mzigo na mahojiano ya nusu saa si vitu vya kulinganishwa.

Mtu wa Mchinga:
Vililinganishwa na wewe.

Korosho Ghafi:
Wakati waheshimiwa wanapigana kwa mifupa, naomba nitaje mahali ambapo matokeo yamerudi bila muhuri wa mtu. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takribani tani 145,000 za korosho, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu, ulikuwa unakausha maua. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, ndicho kilichohangaika na salfa, kikahangaika na miche bora ya kubebesha, na leo hata mtoto wa darasa la tano anajua kwamba salfa ina msimu wake. Watafiti wale hawakuhitaji kulazimishwa kurudi kijijini kwa sababu hawakuwa wameondoka. Wanakutana na wakulima sokoni, na dawa isiposhika wanaambiwa hapo hapo, tena bila adabu.

Mnachingwea wa Zamani:
Usiwape Naliendele sifa zote. Ubwiriunga ulikuta mashamba yameshatelekezwa, kwa kuwa watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho mbali, na bei ilikuwa haimshawishi mtu kupalilia. Ukimweleza mwanafunzi historia hii ukaishia kwenye ukungu wa maua, umemdanganya.

Mkazi wa Chikongola:
Nilichouliza mimi ni habari ya shahada. Nikipima yaliyosemwa, nauli ni kikwazo cha kweli, na hofu ya duka la mihuri nayo ina msingi. Basi nalegeza sharti: badala ya safari ya pili, mwanafunzi aandike muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, msimamizi wake auidhinishe pamoja na tasnifu, na chuo kiutume kwenye ofisi ya kata na shule ya sekondari iliyo karibu. Mtendaji atapokea tu, hatazuia. Asiyeweza kueleza kwa kurasa mbili alichokipata kwa mtu aliyempa data, nina mashaka kama amekipata.

Msaidizi wa Mhadhiri:
Hilo linawezekana. Ningeongeza kwamba majina na vitambulisho vya waliohojiwa visionekane humo, maana katika kijiji kidogo ukiandika "mjane mwenye mikorosho mingi kuliko wote" umeshamtaja.

Bi Mkubwa wa Mikindani:
Kurasa mbili nazikubali, lakini msizipeleke kwenye kabati la ofisi ya kata, ambako hata barua za kodi hazisomwi. Zipelekeni zahanati, zisomwe siku ya kliniki, kina mama wakiwa wamejaa kwenye mabenchi wakisubiri watoto wapimwe uzito.

Tena mimi nina jambo lisiloweza kungoja hizo kurasa. Yule binti wa chakula cha watoto alimpima mjukuu wa jirani yangu kwa ule utepe wa kupimia unene wa mkono, na ukaishia kwenye rangi ya njano. Aliandika, akafunga begi, akaenda nyumba ya pili. Mama wa mtoto alidhani njano ni nzuri, kwa kuwa si nyekundu. Mpaka leo hajaambiwa neno.

Msaidizi wa Mhadhiri:
Bi Mkubwa, njano ni mzunguko wa mkono wa kati ya sentimita 11.5 na 12.5, maana yake mtoto ana utapiamlo wa kadiri. Huyo alitakiwa kupewa rufaa ya kituo cha afya siku ile ile, iwe shahada ipo au haipo. Mama ampeleke kesho asubuhi akapimwe upya, na aeleze kwamba alishapimwa na rangi ikawa ya njano. Jina la chuo usiliandike hapa. Nitumie kwa faragha, pamoja na mwezi aliokuja, nami nitamtafuta msimamizi wake.