Kikoba chetu Buswelu tunataka tuwe tunawasindikiza wajawazito mpaka leba, tuanzie wapi?

mama_wawili_buswelu

Habari za jioni wakuu. Mi nipo Mwanza, Buswelu huku, na hili swali nalizungusha kichwani toka mwezi wa tatu. Sisi ni wanawake 14, tuna kikoba cha kila Jumapili, hisa elfu tano tano, hatuna makuu. Sa mwezi huo wa tatu kuna mdogo wetu wa hapa mtaani, mimba ya kwanza, mume anaendesha fuso alikuwa njia ya Kahama huko, akashikwa uchungu saa nane usiku. Akapanda boda peke yake, beseni mapajani. Kufika akapimwa akaambiwa njia bado, imefunguka sentimita 3 tu, rudi nyumbani uje baadae. Arudi na nini saa hiyo? Akakaa benchi la nje mpaka kunakucha, kanga mbili na mbu juu.

Alijifungua salama mshukuru Mungu, mtoto yupo anacheka. Ila alichokuja kutuambia siku tumeenda kumuona ndo kimetukaa, alisema mi sikuogopa uchungu dada, niliogopa nikifa hakuna ntu anajua niko kitanda gani.

Basi Jumapili iliyofuata hesabu za kikoba hazikuendelea, kila mtu anatoa yake. Mmoja wetu akasema binti yake kamwambia Marekani kuna wanawake wanaitwa dula, wenyewe wanaandika doula, kazi yao ni kukaa na mama toka uchungu unaanza mpaka mtoto anatoka na hata baada ya hapo, sio wakunga, hawazalishi. Tukaangaliana, si hii kazi walikuwa wanaifanya mashangazi? Tunaweza kugawana zamu, kila mjamzito wa mtaa wetu awe na mtu wake.

Naomba mnaojua mnisaidie, hospitali wanakubali mtu aingie leba au tutaishia getini tunagombana na mlinzi? Na nani wa kutufundisha, maana sitaki tuonekane wakunga wa jadi tukakamatwa bure. Na mwenye genge akiacha genge lake siku nzima nani anamfidia? Hiyo ya mwisho ndo wenzangu wanaiulizia sana, siwafichi.

nesi_mstaafu

Mwanangu umeuliza vizuri. Mi nimekaa wodi ya wazazi miaka 31, vituo vitatu tofauti hapa kanda ya ziwa, sasa nafuga kuku. Nianze kwa kukiri, ndugu wa wagonjwa mi mwenyewe nimewafukuza sana. Na siombi radhi kwa wote maana wengine walistahili.

Watu wanadhani ni roho mbaya ya manesi. Chukua chumba kimoja, vitanda vinne au vitano, pazia hakuna, akiingia mama mkwe wa huyu anamuona uchi mkwe wa jirani yake. Sa utamruhusu vipi? Hapo sababu ni pazia tu, hakuna kingine, na hii nchi tumezuia akina mama wasishikwe mkono miaka na miaka kwa kukosa kitambaa.

Sababu ya pili ni uji. Ndugu wanaleta uji kwenye chupa ya chai kumbe ndani kuna mitishamba ya kuongeza uchungu, huku kwetu usukumani mnaijua. Nilipokea mama mmoja ana kovu la kisu cha uzazi wa nyuma, tunaona uchungu unakuja juu ya uchungu haumpi hata nafasi ya kupumua, tunauliza umekunywa nini anakataa, bibi yake anakataa. Kizazi kikachanika. Mama tulimpata, mtoto hapana. Ile chupa ya chai niliikuta chini ya kitanda nikiwa nadeki, ilikuwa ya bluu. Kwa hiyo kikundi chenu sheria ya kwanza iwe hiyo, asiyeweza kumkatalia bibi mwenye dawa asisindikize mtu.

Kazi yenyewe sasa. Kumkanda kiuno chini kabisa kwa kiganja, nguvu, sio kupapasa. Kumtembeza, asilale chali kama gogo. Kumpa maji na chakula chepesi nesi akiruhusu. Kumpeleka kukojoa kila baada ya masaa mawili hivi, hii watu hawaijui, kibofu kikijaa kinaziba njia mtoto hashuki. Kumwita nesi ukiona damu, au mama analalamika kichwa kinauma sana na macho yana ukungu, hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinakuja. Na msiyoruhusiwa: kupima njia, kumwambia sukuma, kumkandamiza tumbo. Kumtukana ndo kabisa, maana wapo ndugu wanaotukana kuliko sisi.

Huyo binti wa senti 3 kitaalam hakukosewa, siku hizi uchungu wenyewe unahesabiwa kuanzia senti 5, kabla ya hapo mama wa kwanza anaweza kukaa hivyo hata siku nzima. Kosa ni kumwambia rudi nyumbani saa tisa usiku bila kumuuliza umekuja na nani.

jiwe_la_bismarck

Hapa naona NGO inazaliwa, semina, posho, tisheti 😂 Bibi zetu walizaa shambani wakarudi na kuni kichwani.

mama_wawili_buswelu

@jiwe_la_bismarck na waliokufa shambani walirudi na nini kaka yangu?

mzawa_wa_ukara

Dada nakuunga mkono ila nyie wa Buswelu mna raha, mnabishana habari ya kuingia leba, sisi leba tunaifikia kwanza? Mi natoka kisiwa cha Ukara, ziwani huku. Mke wangu mimba ya pili tuliambiwa kliniki kwamba mtoto amekaa vibaya, msijaribu kujifungulia huku. Sasa mpango ukawa siku ikifika tutavuka kwenda kisiwa kikubwa cha Ukerewe, hospitali iko Nansio. Siku ikafika usiku, ziwa limechafuka, wenye mitumbwi ya injini wanakuangalia usoni wanakwambia mzee subiri upepo utulie alfajiri. Upepo hauna kadi ya kliniki. Tulivuka kumi na moja asubuhi, alipasuliwa saa nne, wote wazima, ila ule usiku mi nlizeeka.

Na nyie mnajua sisi na maji, tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama tunakitazama karibu na Bwisya, wakafa zaidi ya watu 220. Kwa hiyo ukimwambia mama wa Ukara apande chombo usiku hakatai kwa ujinga, anakataa kwa kumbukumbu.

Ninachotaka kusema, kwetu msindikizaji angekuwa na faida kubwa KABLA ya uchungu. Mtu wa kukaa na mama mkwe wangu wiki tatu nyuma na kumwambia huyu aende Nansio sasa hivi akakae kwa shangazi, mbuzi na watoto wengine nitawaangalia mimi. Mi nlimwambia mama akanijibu wanaume mnaogopa damu. Angeambiwa na mwanamke mwenzie wa umri wake angesikia. Tulichelewa kuamua, basi, hospitali haikuwa na kosa lolote.

Alafu namba 115 mnaifahamu? Ya m-mama, bure kupiga, dharura ya mjamzito au kichanga wanakutafutia usafiri, hata gari la mtu wa mtaani ambaye ameandikishwa na analipwa kwa simu. Hii kitu ilijaribiwa huku huku kanda ya ziwa kabla ya kwenda nchi nzima, lakini uliza wanaume kumi kijiweni wangapi wameiseva.

nyamhanga_wa_minnesota

Salamu kutoka kwenye baridi, mi mtoto wa Magu niko Minnesota mwaka wa tisa. Nimepitia hii kitu mwenyewe kwa hiyo naongea nilichokiona. Huku mwanamke mweusi uwezekano wa kufa kwa sababu ya uzazi ni kama mara tatu ya mweupe, na hii ni nchi yenye mashine zote. Ndo maana wakaja na dula wa jamii, tofauti na yule wa matajiri wa kukodi. Wa jamii anatoka mtaa wako, anaongea lugha yako, anakuja nyumbani mara kadhaa kabla, anakaa na wewe siku yenyewe, alafu anarudi baada ya kujifungua kuangalia mtoto ananyonya na wewe kichwa kiko sawa. Wangu alikuwa Msomali. Daktari aliponiambia jambo haraka haraka nikaitikia ndio ndio bila kuelewa, yeye ndo alisema daktari naomba umrudie taratibu hajakuelewa. Nlijisikia aibu na raha pamoja.

Anayelipa ni bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, Minnesota ni moja ya majimbo ya mwanzo kuiweka kwenye sheria, ila malipo ya mwanzo yalikuwa madogo mpaka wengi wakaacha au wakabaki kuwasindikiza wenye hela. Kwa hiyo swali lako la genge nani analifidia sio la kimaskini, huku ndo lilikwamisha programu.

Na wanaosema ni mambo ya wazungu, utafiti wa mwanzo mwanzo kabisa ulifanyika Guatemala ukatoka 1980, hospitali imejaa, akina mama waliopewa mwanamke wa kawaida tu wa kukaa nao, sio ndugu wala nesi, walijifungua haraka zaidi na matatizo machache. Mwaka 2017 wakakusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya elfu 15 kutoka nchi 17, majibu yaleyale, kujifungua kwa kisu kunapungua, uchungu unafupika kidogo, na mama anaondoka na kumbukumbu nzuri. Shirika la afya duniani 2018 wakaandika mama awe na mtu anayemtaka mwenyewe muda wote wa kujifungua. ANAYEMTAKA MWENYEWE. Msije mkampangia zamu mtu ambaye mjamzito hampendi, mtaa una mambo.

mhudumu_jamii_igoma

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Dada jibu la nani wa kuwafundisha, anza kwa mtendaji wa mtaa, akuunganishe na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo chenu cha afya, na manispaa kuna mratibu wa afya ya uzazi na mtoto. Usianze na mlinzi wa getini.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa jamii, lengo zaidi ya laki 1 na elfu 37 nchi nzima kwa miaka mitano. Lakini mimi nina kaya nyingi, nina malaria, nina TB, nina lishe, siwezi kukaa na mama mmoja masaa 14 leba. Kwa hiyo nyie mkiwepo mnanisaidia, mi namtambua mjamzito mapema nyie mnamchukua. Tusigombanie tu.

Alafu niongeze, takwimu za kitaifa za 2015/16 waliojifungulia kituoni walikuwa 63 kwa mia, 2022 wakafika 81. Vifo vya akina mama kwa uzazi vikahesabiwa 556 kwa kila vizazi hai laki moja ile ya kwanza, hii ya pili 104. Maana yake akina mama walitusikia, wamekuja. Tumewahubiria njooni kituoni miaka ishirini, sasa wamekuja tunawaweka benchi la nje.

jiwe_la_bismarck

Sawa nimewaelewa, ila mume je? Si aingie yeye, bure, hana posho

nesi_mstaafu

@jiwe_la_bismarck waume wanaoweza wapo na ningependa waingie. Wengine nimewaokota chini. Mmoja alianguka akapasuka nyusi nikaacha mzazi naenda kumshona baba. Mama achague.

mama_wawili_buswelu

Jamani wabeja sana, nimesoma yote nikawasomea na wenzangu kwa simu. Tumekubaliana hivi, hatuanzi na leba. Tunaanza na wanne ambao wana mimba mtaani sasa hivi, kila mmoja achague mtu wake kati yetu, na kama hamtaki yeyote basi. Namba 115 tunaiandika nyuma ya kadi za kliniki kwa peni. Nauli ya boda inatoka mfuko wa jamii wa kikoba, na mwenye genge akiwa zamu tunapeana kumuuzia, tayari wawili wamejitolea japo mmoja hajui kurudisha chenji. Ya posho tumeiacha kwanza ila nimeandika kwenye daftari kwamba tunairudia mwezi wa tisa, isije kuwa kila siku ni kujitolea tu.

Jumanne naenda kwa mganga mfawidhi na mtendaji. Na lile la pazia limetugusa sana, mfuko wa jamii una laki na themanini, tunataka twende na ombi na mapazia mkononi kabisa. Nesi mama yangu, laki na themanini inatosha vitanda vinne?

nesi_mstaafu

Inatosha na inabaki. Ila usinunue kabla hujaomba kuingia upime, chukua urefu kutoka darini mpaka chini ya godoro na waulize kama wana waya au bomba la kuning'inizia, maana mtakuta kuta za kituo zinahitaji misumari ya zege na mtu wa kutoboa. Nenda pale sokoni Makoroboi kwa wauza vitambaa, chukua kijani kilichoiva au bluu ya shule, kitambaa kinachovumilia jiki. Nyeupe usiguse. Na shona mawili mawili kwa kila kitanda, moja likiwa kwenye maji lingine linaning'inia.