Injera yangu haitoi macho, na mama mkwe anakuja Jumatano

BibiHarusi_Addis: Wadau habari zenu. Nimeolewa huku Addis Ababa na Jumatano mama mkwe anakuja kula kwetu kwa mara ya kwanza. Nataka injera, ule mkate wao mwembamba wa duara, nipike mwenyewe. Nakoroga unga wa teff nyeupe (nafaka ya huku) na maji, natia ersho (maji ya chachu) niliyopewa na jirani, naacha siku tatu. Uchachu unakuja vizuri, ila nikimimina kwenye mitad (kikaango kipana cha kuokea) inatoka bapa, macho (vile vitundu vya juu) hakuna, na katikati inashika. Kitoweo nimepanga doro wat (mchuzi wa kuku). Naombeni msaada.

MkaziWaPiassa: Dada, mbona hujataja absit, uji kidogo unaopikwa na kurudishwa? Uji ukishachachuka, mwaga maji ya juu (yaweke, ndiyo ersho ya safari ijayo). Chota uji kidogo, upike na maji hadi uwe mzito, upoe uwe vuguvugu, kisha urudishe kwenye chombo na ukoroge. Funika, usubiri uumuke tena na kutoa mapovu. Bila hiyo macho utayasikia tu kwa jirani.

MamaShiro: Kushika ni mitad. Usimwage mafuta. Ipate moto sawasawa, isugue kwa kitambaa chenye mbegu za gomen zer (jamii ya haradali) zilizosagwa, uifute. Mimina kuanzia ukingoni ukizunguka kuja katikati. Macho yakishafunguka ndipo ufunike. Haigeuzwi! Kingo zikijiinua, itoe kwa sefed (kimkeka cha duara), na ipoe kabla ya kupandanisha nyingine.

Kijana_wa_Bole: Nunua tu dukani, wenyeji wengi hapa wananunua.

MamaShiro: Kununua si vibaya, lakini mwenzio ameshasema anataka kupika. Tumsaidie apike.

Mgeni_Mwenyeji: Jamani, mmeiona hiyo doro wat? Mkweo ni Muorthodoksi? Jumatano na Ijumaa wanafunga: hakuna nyama, mayai, maziwa wala siagi. Pika shiro (mchuzi wa unga wa mikunde), misir wat ya adesi nyekundu na gomen, mboga ya majani inayofanana na sukuma tuijuayo. Tumia mafuta ya mimea, niter kibbeh (siagi ya viungo) iache kabatini.

BibiHarusi_Addis: Mungu awabariki! Nimemuuliza mume, kweli mama anafunga. Kuku amehamia Jumapili. Na akinilisha tonge kwa mkono wake?

MkaziWaPiassa: Hiyo ni gursha, fungua mdomo upokee hata kama ni kubwa. Ni upendo huo. Nawe umlishe, kwa mkono wa kulia.

MamaShiro: Na zikibaki usitupe. Alhamisi asubuhi zichanechane uchanganye na mchuzi wa berbere (pilipili iliyochanganywa na viungo), mnywe chai na firfir.