Wiki 41 na siku 2, mutoto angali juu, hajashuka. Ningoje ao niende banizalishe?

Wa_Nguba
Jambo bamama, jambo bayaya. Naomba munisaidie ju usiku silale tena. Hii njo mimba yangu ya kwanza, niko na miaka 27, tunaishi hapa Bukavu upande wa Nguba. Ku fishi ya CPN (kupima mimba ku santre) baliandika nitazala tarehe 3, leo tuko tarehe 12, ni kusema niko wiki 41 na siku 2 na hakuna kitu. Uchungu hapana, maji hapana, ata ule ute wenye damu banasemaka unatanguliaka, sijauona.

Juzi nilienda ku santre ya afya, muuguzi akaweka mikono pale chini juu ya mufupa, akasukuma huku na huku, akasema "mutoto iko juu, kichwa ingali inaelea", akaandika kitu ku fishi, akaita mwenye kufwata. Basi, njo vile tu. Nilitoka pale na ile neno "inaelea" kama vile niko na mutumbwi wa ku ziwa mu tumbo.

Sasa ku nyumba kila mutu iko na yake. Mama mukwe anasema nyonga yangu ni kidogo, alishatuma mutu ku soko ya Kadutu alete dawa ya miti, iko pale mu sufuria na inanuka mpaka ku saluni. Jirani anasema nipande na kushuka kilima asubui na mangaribi. Bwana yangu ye anataka twende moja kwa moja banipasule, anasema ngoja ngoja njo inaua batoto. Mi napenda kuzala kawaida lakini sipendi mutoto ateseke ju ya kichwa yangu ngumu. Mutoto anacheza muzuri, tansio ni muzuri. Nifanye namna gani?

Mama_batatu
Dada pole, hiyo siku za mwisho ni ndefu kupita miezi yote munane ya mbele. Kwanza hiyo mambo ya kilima unichekeshe kidogo: kama kupanda kilima kungekuwa kunashushaka mutoto, sisi batu ya Cimpunda tungekuwa tunazalaka wote ku wiki ya 37, maji tunachota chini, soko iko chini, na nyumba iko juu. Tembea ju ya kunyoosha miguu, lakini usijiue.

Kwangu, wa pili na wa tatu bote balishuka siku ile ile ya uchungu. Wa tatu nilikuwa nishafunguka santimeta 6 na mutoto angali juu, banafunzi ba infirmerie wanaangaliana, kisha saa moja tu akatoka. Lakini wa kwanza alishuka wiki tatu mbele, nilisikia kabisa pumzi inarudi na mukojo unaanza kunisumbua kila dakika. Mimba ya kwanza njo bataka ishuke mbele, kwa hiyo sitakudanganya kama ni kitu kimoja.

Na ile sufuria ya mama mukwe, umwage. Useme umekunywa. Mungu atakusamehe.

Muzalishaji_Bagira
Niko muzalishaji, nilianza kazi mbele ya 2010. Siwezi kukupima ku simu kwa hiyo nachukua tu nafasi ya kukuuliza, unijibu polepole:

Ile tarehe 3 ilitoka wapi, ku hedhi yako ya mwisho ao ku eko, ile picha ya mashini ya mutoto mu tumbo? Na kama ni hedhi, ulikuwa unaonaka kila mwezi bila kuruka? Uliisha fanya eko ngapi na ya kwanza ilikuwa mimba ya wiki ngapi? Mbele muuguzi akupime ulikuwa umeenda kukojoa? Placenta (kondo ya nyuma) iko wapi, banaandikaka ku karatasi ya eko, soma.

Mukojo siulizi ju ya mchezo. Kibofu ikijaa inakaa pale pale kichwa inatafuta kupita, mutoto anabaki juu, na mikono ya mwenye kupima inadanganyika. Pia uombe bakuambie kwa vidole. Sisi tunagawanyaka kichwa mu sehemu tano: kama vidole vyote tano vinaishika juu ya mufupa ni 5/5, iko inaelea. Ikibaki mbili, 2/5, njo tunasema imeingia. "Iko juu" peke yake haisemi kitu, 4/5 na 5/5 yote ni juu lakini haiko safari moja.

Wa_Nguba
Asante sana mama. Kukojoa hapana, nilikuwa nimepanga mustari tangu saa mbili na niliogopa kupoteza nafasi yangu kwa hiyo nilibana mpaka mwisho 😭

Hedhi... hapo njo kuna shida. Nilikuwa ku sindano ya kupanga uzazi, niliacha, hedhi ilirudi mara moja, kisha ikakaa, kisha nikajikuta na mimba. Tarehe nilimupa muuguzi ni ile nilikumbuka. Eko niko nazo mbili. Ya mwezi wa munane inasema nitazala tarehe 20. Na sasa ju ya swali yako nilipindua valizi yote, nikapata bahasha ya ile ya kwanza kabisa, nilikuwa wiki 10, ilikuwa ndani ya Biblia. Inasema tarehe 11. Ni kusema tarehe tatu tofauti! Placenta banaandika iko juu nyuma.

Muzalishaji_Bagira
Ile ya ndani ya Biblia njo yako. Mu miezi mitatu ya kwanza batoto bote banakomea karibu sawasawa, kwa hiyo eko ya wiki 10 inakosea siku chache tu, tano, saba hivi. Ya mwezi wa munane inapima mutoto mwenye isha kuchukua umbo la baba yake ao la mama yake, inaweza kukosea ata wiki tatu. Na hedhi ya kutoka ku sindano haihesabiki. Kwa hiyo leo uko wiki 40 na siku 1. Haujapita kitu, mama. Placenta kuwa juu pia ni habari muzuri, maana ingekuwa chini ingemufungia mutoto njia.

Lakini usichukue hii neno yangu ukalale nayo wiki mbili. OMS, shirika la afya la dunia, inasema wiki 41 kamili, kama tarehe ni ya hakika, njo saa ya kuzungumuza kuanzisha uchungu. Kwako ni tarehe 18. Kesho rudi na eko zote mbili ku mukono, kojoa kwanza, bakupimie vidole, na muombe baandike tarehe mupya ku fishi kwa bic nyekundu. Kila siku kisha kula, lala ku upande wa kushoto uhesabu vile mutoto anacheza: mara 10 mu masaa mbili. Haifikie, usingoje asubui.

Nilimuzika_wangu
Samahani nitasema ile batu habapendi. Mi balinambia "ngoja, wa kwanza wanachelewaka" mpaka wiki 43, ku hopitali moja sitataja. Hakuna mutu alihesabu tarehe zangu vile mama anakuhesabia hapa. Maji yalitoka ya kijani, mutoto alikuwa amemeza, aliishi siku mbili. Bwana yako haiko mujinga. Placenta nayo inachokaka. Kungoja ni sawa lakini kungoja kuwe na tarehe ya mwisho na mutu wa kukupima katikati.

Mama_batatu
Pole sana dada. Pole kabisa.

Mwana_Uvira
Naomba niongeze jambo moja ambalo hakuna aliyekuambia na mimi pia hakuna aliyeniambia. Mtoto akiwa juu hivyo halafu maji yakapasuka nyumbani, kamba ya kitovu inaweza kuteleza mbele ya kichwa kwa sababu hakuna kinachoziba njia. Mimi maji yalitoka saa nne usiku, nikafurahi, nikaoga, nikasuka nywele za mbele vizuri kabisa, nikapanda moto (pikipiki) nikiwa nimekaa wima kama naenda harusi. Kufika hospitali muuguzi akatia mkono, uso ukambadilika, akanipandisha kitandani magoti na viwiko chini makalio juu, na mkono wake hakuutoa mpaka chumba cha upasuaji, tulisukumwa naye hivyo hivyo kwenye korido. Mwanangu ana miaka minne sasa na ni mtundu.

Kwa hiyo maji yakitoka usikae ukasubiri uchungu, na usipande moto. Tafuta gari, lala ubavu wa kushoto kwenye kiti cha nyuma, kunja vikwembe viwili uweke chini ya nyonga ziinuke. Ukihisi kitu laini kimetoka kati ya miguu usikirudishe kwa mkono, piga magoti, kichwa chini, na mtu apige simu hospitali wajiandae.

Muzalishaji_Bagira
Kweli kabisa. Na ju ya hiyo hiyo, kama siku ya 18 banaamua kukuzalisha na kichwa ingali inaelea, mutu asikupasulie maji ya haraka haraka. Kuko sonda yenye mupira, kuko dawa ya kipimo kidogo, kuko serumu inashuka tone kwa tone na mutu anakaa pale anaangalia. Njo maana hiyo dawa ya sufuria ni mubaya: nayo inaletaka uchungu kweli, si bongo, lakini hakuna mwenye kuhesabu tone. Nilishaona kizazi imepasuka ju ya kikombe moja.

Nyonga kidogo, hakuna mutu anaijua kwa macho. Siku ya uchungu njo inasema. Mu partogramu, ile karatasi ya kufwata uchungu, tunaandikaka X ya kufunguka na O ya kichwa, X ikipanda na O ikishuka tunaenda mbele, X ikipanda na O inakatala kushuka tunaita daktari. Bamama wengi mwenye kichwa iko juu bado banazala kawaida, ata ku mimba ya kwanza.

Papa_mapacha
Naongea na bwana yako. Kaka, sezariene haiko njia ya mukato, ni operesheni, na mimba itakayofwata itaubeba ule kovu. Kazi yako sasa ni ingine: uliza santre yenu kama iko na sali ya operesheni, nyingi hazina, na kama hakuna mupange kuzalia ku hopitali ya Panzi ao Jenerali tangu mbele, hapana saa nane ya usiku. Pata namba za shofere wawili, si mmoja, na hali ya usiku hapa muji unaijua. Tafuta mutu wa kumutolea damu. Beseni, savon, pamba, bikwembe tano na hapana bitatu. Termosi ya uji ya masoso. Kisha umwambie mama yako kwa heshima sufuria irudi ku Kadutu.

Wa_Nguba
Habari yangu (tarehe 13): nilienda, nilikojoa mara mbili kwanza 😅 Muzalishaji mwingine alinipima, ni 4/5, kichwa chini, muzuri. Alitoa kidole kimoja kimoja akinihesabia. Banebadirisha tarehe ku fishi. Rendez-vous tarehe 16 ya kupima moyo na maji, na 18 tunaingia kama hakuna kitu. Bwana yangu alisoma neno la Nilimuzika_wangu, alinyamaza, kisha akaenda kutafuta shofere. Mama mukwe nilimwambia nimekunywa.

Wa_Nguba
Tarehe 15, saa tisa ya usiku. Niko Panzi. Ilianza kama tumbo la kuhara saa mbili, sasa kila dakika 6. Maji bado. Banasema 3/5. Muzalishaji ananiambia nitembee ku koridori, mama mukwe ananishika mukono na tangu tufike hajasema neno ya nyonga. Simu iko 8%.

Mama_batatu
Zima simu, dada. Ile kikwembe ya chini ilowanishe maji ya moto uweke ku mugongo.