Naomba ushauri: nimepata filamu ya kutisha niitungie muziki, ila mkataba unataka haki zote

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni prodyuza hapa Dar, nimezoea biti za bongofleva. Sasa mwongozaji mmoja anayejitegemea anataka nimtungie muziki wa filamu ya kutisha, na kazi hii naitamani mno.

Bajeti ni ndogo, lakini hilo halinikatishi tamaa. Mwongozaji wa Marekani John Carpenter alitunga mwenyewe muziki wa filamu yake ya kutisha Halloween, 1978, kwa piano na sinthesaiza (kinanda cha umeme), mapigo matano kila baa, yaani kila kipimo cha muziki, na hadi leo unasisimua mwili. Mimi nimeanza na zeze: navuta upinde taratibu hadi uzi ukwaruze, kisha naishusha sauti kwenye kompyuta mpaka inaguna kama mtu aliyebanwa kifua. Mwongozaji aliposikia alinyamaza, akaomba nirudie.

Tatizo ni mkataba. Anilipe mara moja, haki zote ziwe zake, hata filamu ikiuzwa nje. Mimi ningependa nimpe ruhusa ya kuutumia kwenye filamu hii tu, nibaki na umiliki, na bei nimpunguzie. Mliowahi kutungia filamu, hilo linakubalika? Niusajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kabla ya kumkabidhi? Na malipo mnagawaje? Nawaza nidai nusu mwanzoni, halafu muziki wa matukio ya kushtua niupange uhariri ukishafungwa, yaani picha hazibadilishwi tena, maana akikata sekunde mbili tu mshtuko wote unaharibika. Naombeni majibu kabla sijasaini.