Maji ya ziwa yanaingia kwa matundu ya kutolea maji

Wa Matema: Wakuu, habari za jioni. Boti yangu ya faiba inapeleka mchele Ikombe na kurudi na vyungu. Sakafuni nyuma kuna matundu mawili ya kutolea maji. Ikishapakiwa, maji ya ziwa yanapanda humohumo, magunia ya chini yanaloa. Niyazibe?

Fundi Itungi: Usiyazibe moja kwa moja, ndugu yangu! Upepo wa Mwera ukivuma na wimbi likaruka ndani, maji yatatokea wapi? Matundu hayo yanafaa pale tu sakafu ikiwa juu ya usawa wa ziwa. Injini, tangi la mafuta na abiria vyote vikikaa nyuma, sakafu inashuka. Hamishia mzigo mbele kwanza.

Mama Kyela: Kisha kata kipande cha tyubu ya gari, kifunge nje ya tundu kwa skrubu upande wa juu tu, kining'inie kama kope. Maji ya ndani yanakisukuma, ya nje yanakibana. Pakaa silikoni kwenye skrubu. Na mchanga uufute kila mara, ukinasa pale hakizibi.

Wa Matema: Asante mama. Tyubu ya lori itafaa?

Mama Kyela: Nzito mno, maji machache hayaifungui. Chukua ya gari dogo.